Wachungaji Wawili wa Gahanna

Columbus, Ohio
24 Januari 2016

Kaka yangu mpendwa Rwema,

Salamu nyingi zikufikie huko Buffalo, na baridi ya huko isikuzidi nguvu. U hali gani? Kifua kimeacha kukusumbua? Unakula chakula cha moto, au bado ni ile mikate ya dukani unayoila umesimama? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Binti yangu Sandrine ameota meno mapya ya mbele, na nikimwuliza kitu kwa lugha yetu ananijibu kwa Kiingereza cha katuni. Shangazi Mukandoli wa Louisville anakusalimu. Anasema magoti yanamwuma lakini mdomo haumwumi, na hilo unalijua.

Utashangaa kupata barua ya karatasi zama hizi. Nimekupigia simu tangu kabla ya Krismasi. Mwishowe nikampigia jirani yako Athanasi, akaniambia, "Kaka yako iko, anaendaka kazi, anarudia, anafunga mulango." Bon, barua haifungiwi mlango, inapita chini yake. Naandika kwa Kiswahili tulichofundishwa na mwalimu Ruhimbika kambini, enzi zile ulipokuwa shule ya mbali na ukinirudishia barua zangu zimesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Hii usiisahihishe. Isome tu mpaka mwisho, hata ukichukia katikati.

Baba yuko Louisville, mimi Columbus, wewe Buffalo. Wenzetu kanisani wanadhani ni ofisi ya wakimbizi iliyotutawanya hivi. Sisi tunajua kilichotutawanya. Ni jina la mdogo wetu Isaro, ambalo katika familia yetu hakuna anayelitaja. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, yeye minne, na asubuhi ile ya ukungu tulipokimbia vita mama alikwambia umshike mkono, msiachane. Risasi zilipoanza kulia kwenye mianzi ulikimbia kama watoto wote walivyokimbia, na ulipofika ng'ambo ya kijito mkono wako ulikuwa mtupu. Mama alikuuliza umemwacha wapi. Aliendelea kukuuliza mpaka kitandani alipofia. Nilikuwepo, Rwema, nilikuwa nikimshikia kikombe cha maji.

Sasa nivumilie kidogo, nikupeleke kwa mtu ambaye hukumjua.

Unajua kwamba tangu mwaka juzi kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Mzee wangu wa mwisho aliitwa Mchungaji Lionel Garth, Mwingereza, miaka themanini na saba, mrefu wa kugusa kizingiti cha juu cha mlango, naye amekonda mpaka saa yake ya mkononi ilimteleza hadi kwenye kiwiko. Mke wake alikuwa amekufa huko kwao, na binti yake wa pekee, Filipa, aliyeolewa na Mmarekani, akamleta aishi naye Gahanna, pembezoni mwa Columbus. Kila asubuhi nilipanda basi la Morse Road, nikaunganisha lingine, nikamkuta dirishani akitazama ndege zinavyoshuka. Alinuna kama mtu anayengoja mgeni asiyemtaka.

Kazi hiyo niliipata kwa kosa, na kosa lenyewe ni letu sisi watu wa milimani. Filipa aliponihoji aliniuliza baba yangu alifanya kazi gani. Wewe unakumbuka kitabu cha Kifaransa shuleni kilivyotuita watu wa mifugo: pasteurs. Na kwa Kiswahili baba ni nani kama si mchungaji? Basi nikajibu kwa Kiingereza changu cha kubahatisha kwamba baba yangu ni pasta. Filipa akanishika mikono yote miwili. Alisema baba yake naye ni pasta, na kwamba ni Mungu aliyenileta. Nikawaza moyoni, kumbe hata Waingereza wanachunga, basi tutaelewana.

Wiki ile ile mzee akaniuliza baba yangu alikuwa na kundi kubwa kiasi gani. Nikamwambia kabla ya vita alikuwa nao sitini, akimjua kila mmoja kwa jina lake na jina la mama yake. Akaniuliza wako wapi sasa. Nikamwambia wengine walitawanyika msituni, wengine walikufa kwa ugonjwa, na waliobaki waliliwa na wanajeshi. Mzee akavua miwani. Alilia, kaka, mzee wa watu, mpaka nikaogopa. Alisema yeye katika parokia zake alikuwa na mamia, na wengi wao aliwazika bila kujua walipenda kuitwaje. Hapo ndipo nilipong'amua kwamba kila mmoja wetu anaongea habari zake. Ningemrekebisha palepale, lakini utamwambiaje mtu anayelia kwamba analilia ng'ombe? Nikamletea chai. Mpaka leo sijui nicheke au niombe toba.

Tangu siku hiyo alinifungulia moyo, maana aliniona mtoto wa mwenzake. Alinisimulia maisha yake nikimnyoa ndevu, nikimvisha soksi. Kumbe ujanani alikuwa mcheza kriketi. Ule mchezo huujui, nami niliuelewa nusu tu: mtu mmoja anarusha mpira, mwingine amesimama na gongo la mbao akilinda vijiti vitatu nyuma yake. Ukiugusa mpira kwa gongo, na mwenzake yule mrushaji akaudaka kabla haujaanguka, umetoka, unaondoka uwanjani. Yeye alichezea timu ya jimbo lao bila malipo, kwa sababu alitoka kwenye familia yenye uwezo. Wachezaji wa namna hiyo walikuwa na chumba chao na lango lao la kuingilia uwanjani. Waliocheza kwa mshahara, watoto wa wachimba makaa na wafuma nguo, waliingilia lango jingine, na hata majina yao yaliandikwa tofauti. Nikamwuliza kama wote walikuwa timu moja. Akasema ndiyo, timu moja. Nikamwambia basi nchi yenu haina tofauti na nchi yetu, akacheka.

Aliacha mchezo akiwa na miaka ishirini na minne, nyota yake ikiwa juu kabisa, akaenda kusomea uchungaji. Magazeti yaliandika, maaskofu wakamtolea mfano mahubirini: kijana aliyeacha sifa za dunia kwa ajili ya wito. Alihudumu zaidi ya miaka arobaini katika vijiji vya mvua na makanisa yasiyopata joto. Nilipomwambia ni maisha mazuri, aligeuza uso ukutani. Nilidhani ni uchovu.

Baada ya Krismasi mapafu yalianza kujaa maji, na daktari akasema hakuna tena cha kufanya. Filipa alitaka kumwita mchungaji wa kanisa lake, mzee akakataa katakata. Alisema yule kijana anatabasamu mno. Akamtaka baba yangu. Alitaka mchungaji aliyepoteza kundi lake lote aje kukaa naye.

Hapo, kaka, nilipata jasho kwenye baridi. Nikampigia baba. Unamjua alivyo tangu afike Amerika: kiti kile kile, televisheni imezimwa, fimbo katikati ya magoti, shangazi akimpitia pembeni kama kabati. Nikamweleza kuna mzee anakufa na anamwita. Nilitarajia akatae. Akasema, "Bon. Muntu iko anakufa na ananiita, minakataa namna gani?" Akapanda basi, yeye ambaye siku hizi hata dukani haendi.

Nilimpokea kituoni amevaa lile koti la kijani alilopewa siku tuliyofika, nikamweleza kosa la lile neno. Hakucheka. Alisema hawezi kuingia nyumba ya mtu anayekufa kwa jina lisilo lake, na kwamba nitangulie kusema ukweli au arudi na basi lile lile. Basi nilisimama mbele ya kitanda cha mzee Garth, nikamwambia baba yangu ni mchungaji wa ng'ombe, na wale sitini walikuwa na pembe. Mzee alimtazama baba kuanzia kofia mpaka fimbo. Kisha akacheka, akacheka mpaka nikakimbilia mashine yake ya kupumulia. Alipopata pumzi alisema, "Heri huyu. Wale wengine nimewajua vya kutosha." Akaomba kiti cha baba kisogezwe karibu.

Walikaa hivyo mchana kutwa, wachungaji wawili, theluji ikianguka nje, mimi katikati nikitafsiri. Mzee alimwuliza baba majina ya ng'ombe, baba akayataja, na kila jina mzee alilirudia kwa ulimi wake mzito. Halafu akasema yeye pia ana jina moja angependa kulitaja kabla hajafa. Stanley Roper.

Roper alikuwa kijana wa lango lile jingine, mrushaji wa timu pinzani, aliyetoka migodini na kupewa majaribio ya msimu mmoja. Siku alipokutana na Garth ilikuwa mechi yake ya mwisho ya majaribio, na asipomtoa mtu wa maana anarudi kwenye makaa. Akamrushia Garth mpira. Garth akausikia ukigusa gongo lake, kidogo tu, kama ukucha kwenye kitambaa, na mdakaji akaudaka nyuma. Roper akaruka juu kwa furaha. Lakini mwamuzi hakuona wala hakusikia. Sasa, watu wa lango la Garth walikuwa na desturi yao: mtu akijua ametoka, anaondoka mwenyewe, hangoji mwamuzi. Ndiyo maana mwamuzi alimtazama tu. Alijua kwamba Garth akibaki, basi hakuugusa.

Garth alibaki.

Mwamuzi akakataa, na Roper, kijana wa watu, akamfuata Garth kumwomba radhi kwa kumpigia kelele za uongo. Garth alimwambia haidhuru. Alipiga vizuri ajabu mpaka jua likashuka, watu wakamshangilia. Roper akarudi migodini. Wenzake walimtania kwamba alijaribu kumwibia bwana mkubwa, na jambo hilo lilimfuata maisha yake yote kijijini, yule Roper mlaghai. Majira yaliyofuata Garth akawaambia wazazi wake kwamba Mungu amemwita. Hakuna aliyemwita, alisema mzee. Alikimbia tu, akajificha ndani ya kanzu. Baada ya miaka mingi alikwenda kumtafuta Roper, akamkuta mjane wake. Makaa yalikuwa yamemmaliza Roper mapafu. Mzee Garth alikunywa chai ya yule mama, akampa pole, akaondoka bila kusema kitu.

Baba alisikiliza yote ameinamia fimbo. Aliuliza jambo moja tu, kama Roper mwenyewe mwishowe aliamini kwamba kweli alikosa. Nikamtafsiria mzee. Mzee alifumba macho, akasema ndiyo. Mjane alimwambia mume wake alikufa akijilaumu kwa masikio yake mabaya.

Mchungaji Garth alifariki Jumanne iliyofuata, saa ya uji, mkono wake ukiwa mikononi mwa baba. Tulimzika kwenye ardhi ngumu kama sakafu, watu tusiozidi wanane, na yule pasta wa tabasamu akasoma habari za kijana aliyeacha sifa za dunia. Filipa alilia kwa fahari. Mimi na baba tulitazama viatu vyetu.

Kama ningekuwa nakuandikia habari za Mwingereza ningekomea hapo. Lakini kuna jambo nililikwepa nikiandika, na sasa nakuomba ukae kitako, kama umesimama.

Siku ile ya kiti na theluji, mzee alipomaliza, alimwambia baba kwamba yeye kama mchungaji halisi bila shaka anaijua habari ya yule aliyewaacha tisini na tisa akamfuata kondoo mmoja. Alimwuliza kama kweli wachungaji hufanya hivyo. Alikuwa akitania kidogo. Baba akaishika fimbo kwa mikono miwili. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Miye nilifuata wale wengi. Ule mumoja nilimuacha." Nikatafsiri kwa Kiingereza, nikidhani ni ng'ombe. Baba akaendelea, nami nikaendelea kutafsiri, sentensi moja moja kama nilivyofundishwa kazini. Ndivyo nilivyojikuta nimeyasema kwa Kiingereza, kwa mdomo wangu, kabla moyo wangu haujayasikia kwa lugha yetu.

Alisema kwamba asubuhi ile, risasi zilipoanza, Isaro hakupotea msituni. Alipochomoka mkononi mwako alirudi nyuma mbio, kwa njia tuliyotoka, moja kwa moja mpaka kwa baba aliyekuwa nyuma na kundi. Baba alimbeba. Alimbeba mgongoni mpaka kwenye kijito. Pale ng'ombe wakatishika, wakaanza kugeuka kuelekea bondeni, na wale ng'ombe, Rwema, ndio waliokuwa kila kitu chetu. Akamshusha Isaro juu ya jiwe chini ya mianzi. Akamwambia, kaa hapa, nakuja sasa hivi. Aliwazuia ng'ombe, akarudi, jiwe likawa tupu. Alitafuta na kuita mpaka akasikia sauti za wanaume wenye bunduki zinakaribia. Ndipo akavuka.

Alipotufikia ng'ambo alikuta mama ameshakukamata mabega, anakuuliza umemwacha wapi. Ukasema nilimwachia mkono. Baba akasimama pale akisikia. Alisema alitaka kusema. Alisema alingoja mama apumue kwanza, halafu akangoja tufike kambini, halafu akangoja upone ile homa, halafu akangoja mama azikwe. Na wewe ulikuwa umeshaamini. Kila mtu alikutazama wewe, na yeye akabaki amesimama.

Mzee Garth alilia tena, lakini safari hii alijua analilia nani. Mimi sikulia. Nilikwenda jikoni, nikaosha vikombe vilivyo safi. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua mwili wangu unaweza kuibeba, na sitakudanganya, bado ninayo. Usiku huo sikumpa baba chakula kwa mkono wangu, nilimwekea mezani na kuondoka. Sandrine ndiye aliyekaa naye.

Tuliporudi kutoka makaburini, baba akaniambia anakwenda Buffalo. Alisema yule Mwingereza alichelewa akamkuta mjane, na yeye hataki kuja kunywa chai na Athanasi. Tiketi ni ya Jumamosi hii, basi linapitia Cleveland na kufika kwenu jioni. Kisha akaniapisha nisikwambie neno. Alisema mtu akijua ametoka anaondoka mwenyewe, na kwamba maneno haya lazima yatoke kinywani mwake.

Nami nimevunja kiapo kama unavyoona. Nilijaribu. Nikafikiria heshima ya baba, nikafikiria pia miaka karibu ishirini ambayo umeibeba, na nikaona siwezi kukuachia mzigo huo hata wiki moja zaidi eti ili yeye aseme vizuri. Tena nakumbuka alivyokuja kwako mara ya mwisho, ukachukua zamu mbili kazini, akakaa ngazini na fimbo yake mpaka Athanasi akampeleka kituoni. Safari hii akikuta mlango umefungwa atarudi Louisville kwenye kiti chake, na hatasema tena. Namjua, na wewe unamjua.

Sikuombi umsamehe. Mimi mwenyewe sijafika huko, na sijui kama nitafika. Nakuomba tu umfungulie, umpe kiti karibu na joto maana koti lake halifai kwa baridi ya kwenu, na ujifanye hujui lolote. Mwache ahangaike. Ataanza na habari za theluji, kisha za magoti ya shangazi, kisha bei ya nyama. Usimsaidie. Ukimwona ameishika fimbo kwa mikono miwili, ujue amefika.

Na baada ya hapo, chochote utakachomwambia ni haki yako. Ukimfukuza, nipigie, nitamfuata. Ukilia, nipigie pia.

Nisalimie Athanasi, mwambie asante kwa kupokea simu zangu. Sandrine anakubusu na amekuchorea ng'ombe. Anasema ni mbwa, lakini mimi naona ni ng'ombe. Kula chakula cha moto. Mungu akulinde huko barabarani na kazini.

Jambo moja la mwisho, kaka, kisha nalamba bahasha. Miaka yote hii umeutazama mkono ule kana kwamba ndio uliompoteza. Isaro alipotoka mkononi mwako alikimbilia kwa baba yake, na alifika, Rwema. Alifika.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kanyana